Umeme wa Mito na Mkaa wa Miombo

Katika vitabu vingi vya elimu ya uchumi imo hadithi moja iliyosimuliwa mara nyingi hata ikadhaniwa kuwa ni kanuni ya maumbile. Husemwa kwamba maskini hupika kwa kuni. Akipata nafuu kidogo hununua mkaa. Akizidi kupata huingia katika mafuta ya taa. Na siku atakapokuwa na uwezo ataviacha vyote hivyo nyuma yake, awashe gesi na umeme. Wataalamu wameiita ngazi ya nishati. Kila kipandio cha ngazi hiyo hulingana na kiasi cha fedha kilichomo mfukoni, na lililo kweli kwa mtu mmoja hufanywa kuwa kweli kwa taifa zima: uchumi ukikua, moto wa kuni utazimika wenyewe, kama taa inavyozimwa kukicha.

Tanzania ni mahali pafaapo kuijaribu hadithi hiyo. Katika muda wa miaka sitini nchi hii imepata kipindi cha ukuaji, kipindi cha kuporomoka, na kisha kipindi kirefu cha ukuaji tena. Na katika kila kimoja matumizi ya nishati yalibadilika. Walakini hayakubadilika kwa namna ambayo ngazi ile ingetabiri. Moto wa zamani haukuzimika. Uliwaka zaidi.

Ili jambo hilo lieleweke, yapasa kuanza na swali ambalo wanauchumi hulipita upesi: umeme uliletwa kwa kazi gani? Mtambo wa kwanza wa umeme wa kuhudumia mji katika Tanganyika ulijengwa na Wajerumani huko Dar es Salaam mwaka 1908. Ulihudumia karakana za reli na ile sehemu ya mji walimokaa wakoloni. Waingereza walipoishika nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliiendesha kazi hiyo kwa idara ya serikali, na mwaka 1931 wakaikabidhi kwa makampuni. Moja lilikuwa DARESCO, lililoshughulikia Dar es Salaam na miji ya reli ya kati. La pili lilikuwa TANESCO, lililopewa maporomoko ya mto Pangani ili liyapatie umeme mashamba ya mkonge ya Tanga. Basi tangu asili yake umeme wa nchi ulikuwa chombo cha kuchukua mali na kuitayarisha kwa safari ya ng'ambo. Reli ilibeba, mashine za mkonge zilichana majani. Manamba aliyeyakata majani hayo alirudi jioni kambini kwake, akapika ugali juu ya mafiga matatu. Hakuna aliyeona kwamba pana upungufu wowote katika mpango huo, kwa kuwa chungu cha manamba hakikuwamo katika hesabu.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 hesabu ilibadilika kwa sehemu. Serikali ilinunua hisa za makampuni ya umeme mwaka 1964, na mwaka huo huo kituo cha Hale juu ya mto Pangani kikafunguliwa kikiwa na uwezo wa megawati 21. Nyumba ya Mungu, megawati 8, ikafuata mwaka 1968. Kiwanda cha kusafisha mafuta yasiyosafishwa kilisimama Dar es Salaam mwaka 1966, na miaka miwili baadaye bomba la TAZAMA likaanza kupeleka mafuta Zambia. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilianza kazi mwaka 1968. Hapana shaka kwamba miaka hiyo ilikuwa ya matumaini, na umeme ulikuwa alama ya matumaini hayo. Lakini alama hiyo ilielekezwa kule kule ilikoelekezwa zamani: viwandani, maofisini, na katika nyumba za wenye mishahara mizuri. Mkulima aliyeambiwa kwamba taifa linajengwa alilisoma gazeti lake kwa mwanga wa koroboi.

Kilele cha ujenzi huo kilikuwa Kidatu, juu ya Ruaha Mkuu, mahali mto unapoteremka kutoka nyanda za juu kuelekea bonde la Kilombero. Sehemu ya kwanza ilimalizika mwaka 1975, na ya pili mwaka 1980, jumla megawati 204. Benki ya Dunia na Sweden zilichangia gharama. Kwa nchi ambayo Hale ya megawati 21 ilikuwa fahari yake miaka michache kabla, Kidatu kilikuwa jambo kubwa sana. Mipango ilisema kwamba viwanda vya msingi vitajengwa, navyo vitakuwa na njaa ya umeme.

Umeme ulifika; viwanda havikuweza kuula. Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda kiasi cha mara nne katika miezi michache, na mwaka 1979 ikapanda tena. Katikati ya misukosuko hiyo miwili Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mwaka 1977, na vita vya Kagera vikapiganwa mwaka 1978 na 1979. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 yapata nusu ya fedha za kigeni ambazo nchi ilipata kwa kuuza pamba, kahawa na mkonge zilikwenda kununua mafuta. Magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana. Viwanda vilikosa malighafi na vipuri, mashine nyingi zikasimama, na maji ya Ruaha yakawa na nguvu kuliko nchi ilivyoweza kuitumia.

Yafaa kuukumbuka wakati huo, maana unajibu nusu ya mjadala mrefu wa wanauchumi. Mwaka 1978 John Kraft na Arthur Kraft walitangaza uchunguzi wao juu ya Marekani, wakisema kwamba ukuaji wa pato la taifa ndio unaovuta matumizi ya nishati, wala si nishati inayovuta ukuaji. Tangu hapo kila nchi imepimwa kwa mizani hiyo, na kila mpimaji amepata jibu lake. Nicholas Odhiambo aliipima Tanzania kwa takwimu za mwaka 1971 hadi 2006, na katika makala yake ya mwaka 2009 akaona kinyume cha Kraft: matumizi ya nishati ndiyo yanayotangulia, na ukuaji hufuata. Yamkini ni kweli kwa jumla ya miaka hiyo thelathini na mitano. Lakini mtu anayeitazama Tanzania ya mwaka 1982 huona nguvu iliyokuwapo na ukuaji usiokuwapo. Umeme hauwezi kufuma nguo kama pamba imekwama Shinyanga kwa kukosa lori, na lori limekwama kwa kukosa dizeli.

Tena katika takwimu za namna hiyo mna dosari ambayo wanafunzi hawana budi kuijua. Umeme hupimwa kwa mita, na mafuta hupimwa bandarini. Kuni na mkaa, ambazo kwa miaka yote hiyo zilikuwa zaidi ya nane katika kila sehemu kumi za nishati iliyotumika nchini, hazikupimwa na mtu. Kiasi chake kilikisiwa, na aghalabu kilikisiwa kwa kuzidisha idadi ya watu kwa kiasi ambacho kila mtu alidhaniwa kukitumia. Basi tarakimu iliyotokana na idadi ya watu hulinganishwa na pato la taifa, na mlinganisho huo huitwa uvumbuzi. Kile kinachoitwa matumizi ya nishati ya Tanzania kimekuwa kwa sehemu kubwa kivuli cha sensa.

Uchumi ulianza kufufuka baada ya mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986. Viwanda viliamka kidogo kidogo, miji ikapanuka, na umeme uliokuwa mwingi ukaanza kuwa haba. Mtera, bwawa lililojengwa juu ya Kidatu ili kuhifadhi maji ya mvua kwa ajili ya kiangazi, lilitiwa mitambo yake mwenyewe ya megawati 80 mwaka 1988. Na hapo ndipo ukuaji wa uchumi ulipoanza kugombana na nafsi yake.

Maji ya Mtera hutoka Usangu, uwanda mpana wa Mbeya ulio chini ya milima. Huko vijito vinavyoteremka milimani hukutana, hujaza kinamasi cha Ihefu, kisha hutoka kama mto mmoja unaopita katika Hifadhi ya Ruaha mpaka bwawani. Uwanda huo huo ni moja ya nyanda bora za mpunga katika nchi. Kadiri watu wa mijini walivyozidi kupata fedha ndivyo walivyozidi kula wali, na kadiri walivyokula wali ndivyo mifereji ya Usangu ilivyozidi kuchimbwa, mingine na mashamba makubwa yaliyosaidiwa na serikali, mingine na wakulima wenyewe kwa majembe yao. Wafugaji nao walishuka na ng'ombe wao. Mwishoni mwa mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikatika ndani ya hifadhi. Mto ambao haukujulikana kukauka ukawa mfululizo wa madimbwi yenye viboko. Tangu mwaka huo umekatika kila kiangazi, miaka mingine kwa majuma, mingine kwa miezi.

Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1990 Dar es Salaam iliingia gizani kwa mgao, na lawama ikapelekwa mtoni juu: mkulima wa mpunga na mfugaji wameyanywa maji ya taifa. Hoja hiyo ilikuwa nyepesi kuelewa, na kwa sababu hiyo ilipendwa. Wachunguzi walioyapima maji ya Usangu walionyesha jambo tofauti. Sehemu kubwa ya maji ya mwaka hupita uwandani katika miezi ya mvua, wakati ambapo mifereji yote kwa pamoja haiwezi kuyamaliza. Na kiasi kinachochukuliwa wakati wa kiangazi, ingawa chatosha kuukausha mto na kuwaua samaki, ni kidogo sana kikilinganishwa na bwawa la Mtera, ambalo hubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni tatu. Waliyatazama pia malango ya bwawa lenyewe, na namna yalivyofunguliwa katika miaka ya mvua njema ili umeme uuzwe, bila kuweka akiba kwa mwaka wa ukame. Kwa maneno mengine, mji ulikunywa akiba yake, kisha ukamshitaki jirani wa juu.

Shitaka lilikuwa na matokeo. Mwaka 2006 ukame mkali uliirudisha nchi katika mgao mrefu, na katika mwaka huo na uliofuata wafugaji waliondolewa Ihefu na Usangu pamoja na mifugo yao, wengi wakaelekezwa mikoa ya kusini. Wakulima wa mpunga walibaki kwa sehemu kubwa, na huenda ni kwa sababu wali huonekana katika hesabu za taifa kuliko maziwa ya ng'ombe wa Msukuma au Mbarbaigi. Huko mjini nako ukame ule ulifungua mlango wa mitambo ya dharura inayotumia mafuta na mikataba yake, mmoja wao ukiwa ule wa Richmond, ambao uchunguzi wa kamati ya Bunge uliishia kwa kujiuzulu kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa, Februari 2008. Katika historia ya nchi zinazoendelea si mara nyingi serikali imetikiswa hivyo na upungufu wa maji katika bwawa.

Kihansi, kituo cha megawati 180 kilichomalizika mwaka 2000, kina kisa chake mbali. Maporomoko yake yalinyunyiza ukungu juu ya kipande kidogo cha majani, na katika majani hayo aliishi chura mdogo wa manjano asiyepatikana penginepo duniani, aliyegunduliwa mwaka 1996 wakati ujenzi ulikwisha anza. Maji yalipogeuzwa kwenda mitamboni ukungu ukakoma. Vyura kadhaa walipelekwa Marekani kutunzwa, na mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kuwa ametoweka porini. Wengi walicheka kwamba taifa lenye giza lasumbuliwa kwa ajili ya chura. Kicheko hicho nacho ni sehemu ya historia ya uchumi.

Huo ndio umeme. Sasa yafaa kuiangalia barabara ya Morogoro, mahali inapopita Ubungo kuingia Dar es Salaam, kwa maana hapo nishati mbili za Tanzania zilikutana bila kusalimiana.

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, kisiwa kilicho mbele ya pwani ya Kilwa, mwaka 1974. Ilikaa chini ya ardhi miaka thelathini ikingoja fedha, mikataba na bomba. Mwaka 2004 ilifika Dar es Salaam kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, ikaingia katika mitambo ya umeme ya Ubungo na katika matanuri ya kiwanda cha saruji cha Wazo Hill. Ulikuwa ushindi mkubwa, kwani nchi iliacha kuchoma mafuta mengi ya kununuliwa, na uchumi, uliokuwa ukikua kwa asilimia sita hadi saba kwa mwaka, ulipata nguvu iliyotoka nyumbani. Lakini mbele ya mitambo hiyo hiyo, mchana na usiku, yalipita malori yaliyopakiwa magunia ya mkaa mpaka juu ya vichwa vya madereva. Mwaka 2001 nyumba 47 katika kila 100 za Dar es Salaam zilipikia mkaa. Mwaka 2007 zilikuwa 71.

Tarakimu hizo, zilizotolewa na Benki ya Dunia katika taarifa yake ya mwaka 2009, zastahili kusomwa mara mbili. Hiyo haikuwa miaka ya umaskini kuzidi. Ilikuwa miaka ya simu za mkononi, ya majengo marefu ya vioo, ya saruji na mabati. Katika miaka ya 1980 watu walipika kwa mkaa kwa sababu mafuta ya taa yaliadimika. Katika miaka ya 2000 walipika kwa mkaa ilhali uchumi unapaa. Uchumi ulipoanguka mkaa ulipanda, na uchumi uliposimama mkaa ulipanda tena. Ngazi haiwezi kulieleza hilo.

Maelezo yake yamo katika asili ya mkaa. Mchoma mkaa hukata miti ya miombo, huyapanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, hutia moto, kisha hukesha siku kadhaa akilinda tanuri lisipitishe hewa, maana pakitokea ufa kazi yote itageuka majivu. Mwishoni hupata kilo moja ya mkaa kwa kila kilo sita au zaidi za mti. Kilo hiyo moja ina nguvu mara mbili ya kilo ya kuni kavu, wala haizidi hapo. Kwa hiyo katika kila sehemu tatu za nguvu ya mti, mbili zimepotelea katika tanuri. Ni hasara kubwa, na mchoma mkaa anaijua. Huikubali kwa sababu mkaa ni mwepesi, hauozi, na waweza kusafirishwa mbali. Kuni haziwezi kulipia nauli ya kilomita mia moja, mkaa unaweza. Mkaa, basi, ni mwana wa masafa. Huzaliwa pale watu wanapokuwa wengi mahali pamoja, mbali na miti yao.

Na ukuaji wa uchumi wa Tanzania umefanya nini zaidi ya kuwakusanya watu mahali pamoja? Dar es Salaam ilikuwa na watu kiasi cha 270,000 mwaka 1967. Mwaka 2012 walikuwa zaidi ya milioni 4.3, na mwaka 2022 zaidi ya milioni 5.3. Mwanamke aliyetoka kijijini Rufiji au Kisarawe, ambako aliokota kuni bure, alipofika Manzese alihitaji moto unaonunulika kwa kipimo cha mfuko wake, na mkaa huuzwa kwa kopo. Gesi haiuzwi kwa kopo. Hudai mtungi na jiko kabla ya senti ya kwanza ya moto. Umeme hudai nguzo, waya na mita. Pato la mjini lilikuwa kubwa kuliko la kijijini, lakini lilikuja siku kwa siku, na mkaa ulikuwa moto ulioweza kununuliwa siku kwa siku. Hapo tena palikuwa na mama lishe, na wakaanga chipsi, na wachoma nyama wa baa, ambao biashara zao zilistawi kadiri mishahara ilivyostawi. Mshahara ulioongezeka ofisini uligeuka kuwa nyama choma jioni, na nyama choma ikageuka kuwa mti uliokatwa Kilosa au Handeni. Mwanamke yule wa Manzese, kwa kitabu cha ngazi, amepanda kipandio kimoja kutoka kuni hadi mkaa. Msituni, chakula kile kile sasa hukata miti mingi zaidi kuliko alipokuwa akiokota matawi makavu.

Msitu umeandika hesabu hiyo kwa njia yake. Wachunguzi waliopima uharibifu wa misitu kuuzunguka mji huo waliona, katika makala ya mwaka 2010, kwamba kati ya mwaka 1991 na 2005 mstari wa uchomaji mkaa ulisogea kilomita 30 kwenda nje, kama wimbi, na mstari wa kukata mbao za thamani ulisogea kilomita 120. Kwanza hupita mkata mbao akichukua miti mikubwa, kisha hufuata mchoma mkaa akichukua iliyobaki.

Wala hiyo si biashara ndogo. Taarifa ile ya mwaka 2009 ilikisia thamani ya mkaa wa Tanzania kuwa dola milioni 650 kwa mwaka, na watu wanaoupatia riziki kuwa laki kadhaa. Kahawa ilikadiriwa kuchangia dola milioni 60, na chai milioni 45. Kahawa ina bodi, ina chuo cha utafiti, ina kurasa zake katika hotuba ya bajeti. Mkaa, uliokuwa mara kumi ya kahawa, ulisimamiwa kwa kizuizi cha barabarani na stakabadhi ambayo mara nyingi haikuandikwa. Ushuru uliopotea ulikisiwa kuwa dola milioni 100 kila mwaka.

Mambo yaliyojaribiwa na serikali yanaonyesha jinsi uhusiano wa ukuaji na mkaa ulivyokuwa haujaeleweka. Mwaka 2006 biashara ya mkaa ilipigwa marufuku. Bei ikaruka, mji ukalalamika, na katazo likaondolewa baada ya majuma machache, maana hapakuwa na moto mwingine wa kuwapa watu wale wote. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa mpaka ikakaribia ile ya dizeli. Sababu yake ilikuwa njema: wafanyabiashara walikuwa wakichanganya mafuta ya taa katika dizeli na kuharibu mitambo ya magari. Lakini sheria iliyotungwa kwa ajili ya magari iliingia jikoni bila kubisha hodi, ikawaondolea watu wa kipato cha kati kipandio kile kile ambacho nadharia iliwaambia wapande. Waliokuwa wakitumia jiko la mchina walirudi kwenye mkaa, na mwanga wa kibatari ukawa ghali katika vijiji ambavyo nguzo za umeme hazijafika.

Wapo walioona kwamba nishati ya taifa yapita kando yao, wakasema. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa Mtwara mwaka 1982, na ilipoamuliwa kwamba bomba jipya litaipeleka Dar es Salaam, watu wa Mtwara waliingia barabarani mwaka 2013, Januari na tena Mei, na damu ikamwagika. Walikuwa wameahidiwa viwanda, na walifahamu kwamba pale gesi inapochomwa ndipo ajira inapokaa. Bomba lilijengwa, likazinduliwa Oktoba 2015. Mwanauchumi aweza kuwaambia watu hao kwamba nishati huvuta ukuaji. Wao waliuliza itauvuta kwenda wapi.

Haitakuwa haki kunyamaza juu ya yaliyofanikiwa. Wakala wa Nishati Vijijini alianza kazi mwaka 2007, na umeme, ambao mwaka 2000 uliwafikia watu wasiozidi sana mmoja katika kila kumi, ulisambazwa kwa kasi ambayo haikupata kuonekana. Mashine za kusaga, saluni, viwanda vidogo vya kuchomelea na majokofu ya maziwa yamefuata waya. Julai 2020 Benki ya Dunia iliihesabu Tanzania miongoni mwa nchi za kipato cha kati cha chini. Na katika bonde la Rufiji, mahali ambapo maji ya Usangu, Mtera, Kidatu na Kihansi hupita yote kwa pamoja yakielekea baharini, lilijengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115. Mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2018, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaingizwa katika gridi Februari 2024. Bwawa hilo moja lina uwezo kuliko mitambo yote iliyokuwapo nchini ujenzi ulipoanza. Mkulima wa Usangu na bwawa kubwa kuliko yote sasa wameunganishwa na mto ule ule uliowagombanisha na Mtera.

Jikoni mabadiliko yamekuja kwa mwendo mwingine. Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 watumie nishati hiyo. Mitungi midogo ya gesi imetapakaa mpaka vijijini, mingine ikitolewa kwa ruzuku au bure katika mikutano ya hadhara. Chungu, ambacho hakikuwamo katika hesabu wakati wa mtambo ule wa mwaka 1908, sasa kimeingizwa waziwazi katika hesabu ya nishati ya taifa.

Lakini mtungi ukiingia jikoni jiko la mkaa halitoki. Omar Masera na wenzake waliliona jambo hilo katika vijiji vya Mexico, wakaandika mwaka 2000 kwamba watu hawapandi ngazi. Huongeza moto mmoja juu ya mwingine. Ndivyo ilivyo Temeke na Morogoro. Chai ya asubuhi na mayai ya mtoto anayekimbilia shule huwekwa juu ya gesi, kwa kuwa huwaka mara moja. Maharage na makande, yanayodai saa mbili au tatu za moto, huwekwa juu ya mkaa, kwa hofu kwamba yatamaliza mtungi kabla ya mwisho wa mwezi. Umeme huchemsha maji na kuwasha taa. Karani wa sensa anapobisha hodi huuliza ni kipi chanzo kikuu cha nishati ya kupikia katika kaya hii, na katika karatasi yake pana nafasi ya jibu moja.